Tusafishe Kompyuta, Tusichafue Jina la Mtu

Siku hizi kompyuta si kitu cha biro tu. Imeingia nyumbani, nayo imewekwa mezani pamoja na redio na madaftari ya watoto. Baba huandika humo barua zake, mama huweka hesabu za duka, kijana huandika kazi yake ya chuo, na jioni, umeme ukipatikana, wadogo hukusanyika kutazama picha. Ni jambo jema, nasi twalifurahia. Lakini kila kitu chema kinachoingia nyumbani huja na kazi yake. Mwenye mbuzi hufagia zizi. Mwenye kompyuta hana budi kujua kuisafisha.

Leo twataka kusema juu ya uchafu wa kompyuta, yaani virusi na programu za upelelezi. Hatuwaandikii mafundi, maana wao wanajua kutupita sisi. Twawaandikia watu wa nyumba za kawaida. Mashine yao ikianza kuugua, wao hufanya moja ya mambo mawili: ama huivumilia mpaka ife, ama humtafuta mtu wa kumtia hatiani. Njia zote mbili ni mbaya, na ya pili ni mbaya zaidi, kama tutakavyoona.

Virusi ni nini, na mpelelezi ni nani?

Kirusi cha kompyuta ni programu ndogo inayojinakili yenyewe na kupita kutoka mashine moja hadi nyingine. Si mdudu, wala si vumbi, wala si uchawi. Hakuna kirusi kilichozaliwa chenyewe. Kila kimoja kimeandikwa na mtu aliyeketi na kufikiri.

Programu ya upelelezi ni ndugu yake, lakini tabia yake ni nyingine. Yenyewe haitaki mashine ife. Yataka mashine iishi, ifanye kazi, na mwenye nyumba asishtuke. Inakaa kimya na kusoma yale anayoyaandika kwa vidole vyake: jina lake, maneno yake ya siri, barua zake. Kisha inayatuma kwa bwana wake kwa njia ya intaneti. Kirusi ni kama moto katika nyasi. Mpelelezi ni kama mgeni anayesikiliza nyuma ya ukuta.

Zamani mambo haya hayakuwa na siri kubwa. Mwaka 1986, katika mji wa Lahore nchini Pakistan, ndugu wawili, Basit na Amjad Farooq Alvi, waliandika kirusi kilichoitwa Brain. Ni kimoja cha virusi vya kwanza vya kompyuta za namna tunazotumia nyumbani. Kilipita kwa diski laini zilizopelekwa toka mkono hadi mkono. Na tazameni ajabu: ndani ya kirusi hicho waliandika majina yao, anwani ya duka lao na namba ya simu! Leo hakuna mwizi anayeacha anwani yake.

Mabadiliko yalionekana wazi tarehe 4 Mei 2000. Siku hiyo watu wa nchi nyingi walipokea barua pepe yenye kichwa kisemacho kwa Kiingereza kwamba nakupenda. Ndani yake mlikuwa na faili iliyojiita barua ya mapenzi. Nani asingependa kuifungua? Walioifungua waliona faili zao nyingine zikiharibika, na barua ileile ikatumwa kwa kila mtu aliyekuwamo katika orodha ya anwani zao. Ilienea katika mamilioni ya mashine kwa siku chache. Hata Bunge la Uingereza lililazimika kufunga barua pepe zake kwa muda.

Wengi wanakumbuka uharibifu huo, lakini wachache wanajua kwamba kirusi kile kilijaribu pia kuingiza programu ya kuiba maneno ya siri. Aliyekiandika alikuwa kijana wa Manila nchini Ufilipino, Onel de Guzman. Mashtaka yake yalifutwa mwaka 2000, kwa sababu nchi yake haikuwa bado na sheria ya kosa la namna hiyo. Miaka mingi baadaye alimwambia mwandishi wa habari wa Uingereza, Geoff White, aliyeitangaza habari hiyo mwaka 2020, kwamba alikitunga ili apate maneno ya siri ya watu wengine, atumie intaneti bila kulipa, maana alikuwa maskini. Basi kirusi mashuhuri kuliko vyote kilianza kwa tamaa ya kuiba ufunguo wa jirani. Tukumbuke jambo hilo. Mwizi wa kompyuta hataki mashine yako. Anataka funguo zako.

Mambo yaliyotokea katika nyumba moja

Mwaka 2022, hapa Bukavu, tuliitwa katika nyumba ya mwalimu mmoja wa shule ya sekondari, mkaaji wa Kadutu. Kompyuta yake, aliyoinunua ikiwa imekwisha kutumiwa, ilikuwa imekuwa nzito kama gari lililopakia mawe. Ukiiwasha, unaweza kwenda kuchota maji na kurudi kabla haijawa tayari. Ukifungua intaneti, ukurasa wa kwanza haukuwa ule alioupanga mwenyewe. Matangazo yalijitokeza bila kuitwa. Flashi ikichomekwa, mafolda yote yalionekana kugeuka kuwa alama ndogo zenye mshale.

Yote hayo mwalimu aliyavumilia. Lakini likatokea neno zito. Ndugu zake watatu walipokea barua pepe kutoka anwani yake. Barua ilisema kwamba yuko safarini, ni mgonjwa, na anaomba dola 200 upesi. Wawili walipiga simu kuuliza. Wa tatu, aliyekaa Lubumbashi, alihurumia akatuma pesa. Mwalimu hakuwa safarini wala hakuwa mgonjwa. Alikuwa darasani akifundisha jiografia.

Katika nyumba hiyo alikuwamo mpwa wake, mtoto wa dada yake, aliyetoka Kamituga kuja kusoma. Kijana huyo alipenda kompyuta, naye aliitumia usiku watu wakiisha kulala. Tena yeye peke yake ndiye aliyejua neno la siri la mjomba wake, maana ndiye aliyemsaidia kutuma majibu ya mitihani. Basi shemeji wa mwalimu akasema mbele ya wote: “Kikulacho ki nguoni mwako.” Hakuna aliyemjibu. Kijana alinyamaza, na wakubwa wakadhani kunyamaza kwake ni kukiri. Ikaamuliwa kwamba Jumapili jamaa wangeketi, na kijana angerudishwa Kamituga kabla ya mwisho wa mwaka wa masomo.

Mwalimu mwenyewe hakuwa na amani. Alitujia jioni akatuambia: “Ndugu zangu, kabla sijamfukuza mtoto wa dada yangu, nataka nijue. Tazameni mashine hii.” Tuliomba siku mbili. Sasa tutaeleza tulivyofanya, maana huenda msomaji naye ataitwa kesho kufanya kazi hiyohiyo nyumbani mwake.

Kazi ya kusafisha, hatua kwa hatua

Jambo la kwanza, tuliikata mashine na intaneti. Tulizima mawasiliano yake, tukazima na simu iliyokuwa ikiigawia. Kwa nini? Kwa sababu mpelelezi asiyeweza kutuma habari ni kama mmbeya aliyefungwa mdomo. Anaweza kusikia, lakini hawezi kusema.

Jambo la pili, tulikataza mtu yeyote asiandike neno la siri katika mashine ile. Hapa watu wengi hukosea. Wakiona wameibiwa, wanakimbilia kubadili neno la siri katika kompyuta ileile yenye mpelelezi. Ni kama kubadili kufuli huku mwizi amesimama kando yako akiutazama ufunguo mpya. Funguo hubadilishwa kwa mashine nyingine iliyo safi, au kwa simu unayoiamini.

Jambo la tatu, tuliokoa maandishi. Mwalimu alikuwa na alama za wanafunzi wa miaka mitatu, na binti yake alikuwa na kazi yake ya kumaliza chuo, kurasa zaidi ya 60. Tulinakili maandishi na picha tu katika diski ya nje. Programu hatukunakili hata moja, maana ugonjwa hupenda kukaa katika programu. Na tulifanya hivyo kabla ya kufuta chochote, kwa kuwa kufuta kwa haraka kumepoteza mali nyingi kuliko virusi vyenyewe.

Je, yale mafolda ya flashi yaliyogeuka kuwa mishale? Watu wakiyaona hulia kwamba kazi yao imepotea, kisha huifuta flashi yote. Mara nyingi hakuna kilichopotea. Kirusi cha namna hiyo huyaficha mafolda ya kweli, na mahali pake huweka alama za uongo, zenye ukubwa wa kilobaiti chache tu. Ukibonyeza alama, unakiamsha kirusi, naye anakufungulia folda lako ili usishtuke. Dawa yake ni kutobonyeza. Iambie Windows ikuonyeshe vitu vilivyofichwa, tena ikuonyeshe herufi za mwisho za kila jina la faili. Herufi hizo ndizo kabila la faili. Faili inayojiita barua lakini ikaishia na exe, vbs au lnk si barua. Ile barua ya mapenzi ya mwaka 2000 iliishia na vbs, lakini Windows ya wakati ule ilizificha herufi hizo, na watu waliona txt tu.

Jambo la nne, tulimtafuta mlinzi. Windows 10 na Windows 11 zina mlinzi wao ndani, aitwaye Microsoft Defender, asiyedai malipo. Tulimkuta yupo, tena amewashwa. Tukastaajabu: mlinzi yupo, mwizi ameingiaje? Tukafungua maagizo yake, ndipo tukaona kwamba aliamriwa asitazame folda moja. Ndiyo, msomaji: nyumba ilikuwa na mlinzi, lakini mtu alimwambia kwamba chumba kile asikiingie. Tukaifuta amri hiyo. Kisha kwa kompyuta nyingine tulichukua toka ukurasa wa Microsoft orodha mpya ya virusi vinavyojulikana, tukampelekea. Mlinzi asiye na orodha mpya anawajua wezi wa mwaka jana tu.

Jambo la tano, tulimwamuru apekue mashine yote, si sehemu chache. Kazi hiyo ilichukua muda wa saa nyingi, na umeme ulikatika mara moja, ikabidi tuanze upya. Hapo uvumilivu unatakiwa. Halafu tulitumia upekuzi wa namna nyingine, ambao mashine inazimika na kuwaka tena, na Defender anafanya kazi kabla Windows yenyewe haijaamka. Huchukua kama dakika 15. Faida yake ni kubwa, maana mwizi mwerevu akiisha kuamka anajua kujificha, lakini akipekuliwa usingizini hana la kufanya. Mwisho tuliomba maoni ya mganga wa pili, yaani programu nyingine ya kupekua, Malwarebytes, ambayo inaweza kusafisha bila malipo. Lakini tuonye hapa: walinzi wawili wasikeshe pamoja siku zote katika mashine moja. Hugombana wao kwa wao, na mashine huzidi kuwa nzito.

Jambo la sita, tulipita wenyewe chumba kwa chumba. Tulitazama orodha ya programu zote zilizoingizwa, na tarehe ya kila moja. Tulibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja tukaona zile zinazoamka pamoja na mashine. Tukatazama vipachikwa vya programu ya kufungulia intaneti, maana humo ndimo yanamojificha yale yanayobadili ukurasa wa kwanza na kuleta matangazo. Kilichokuwa kigeni tulikiandika kwanza katika daftari, tukauliza habari zake, ndipo tukakiondoa. Tusiondoe kitu kwa sababu tu jina lake ni gumu. Baadhi ya majina magumu ni nguzo za nyumba.

Tarehe iliyomtetea kijana

Katika folda lile lililokatazwa tulimkuta mpelelezi. Alikuwa akiandika kila herufi iliyobonyezwa. Alikuwa ameingia pamoja na programu nyingine iliyofanya kazi moja tu: kuvunja kufuli ya programu za kuuzwa ili zitumike bila kulipa. Programu za namna hiyo zapatikana kila mahali mijini mwetu, na mara nyingi zinamwambia mtu amzime mlinzi kwanza, eti asisumbue. Mtu anatii, na mlango unabaki wazi.

Tukatazama tarehe. Vitu vyote viwili viliingizwa siku moja mwezi wa pili, siku ileile mashine ilipotoka kwa fundi aliyeitengeneza, kabla mwalimu hajaileta nyumbani. Kijana alifika kutoka Kamituga mwezi wa tisa. Mpelelezi alikuwa amemtangulia kwa miezi saba.

Hatukuishia hapo, maana tarehe moja haitoshi kumhukumu wala kumtetea mtu. Kwa kompyuta safi tulifungua barua pepe za mwalimu. Orodha ya walioingia humo ilionyesha kwamba mara nne mtu aliingia kutoka nchi ya mbali, mara mbili katika hizo asubuhi ya saa nne, kijana akiwa shuleni na umeme wa mtaa umekatika. Tena tukakuta amri iliyofichwa: kila barua inayompata mwalimu ipelekwe nakala kwa anwani asiyoijua. Msomaji alifahamu hili vizuri. Mtu anaweza kubadili neno la siri mara kumi, lakini amri hiyo ikibaki, barua zake zitaendelea kusomwa. Tukaifuta. Tukawatoa wote walioingia, tukabadili neno la siri, tukatazama kwamba namba ya simu ya kurudishia ufunguo ni yake kweli, tukaweka ufunguo wa pili, yaani ile namba inayofika kwa simu kila mtu anapotaka kuingia kutoka mashine mpya.

Jumapili jamaa waliketi, kama ilivyopangwa. Mwalimu aliweka daftari mezani, akasoma tarehe moja moja. Shemeji alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia kijana akasema: “Mwanangu, tulikuonea.” Kijana alijibu: “Yamekwisha, baba.” Akabaki, akamaliza masomo ya mwaka ule. Zile dola 200 za ndugu wa Lubumbashi hazikurudi hata leo. Na yule fundi? Mwalimu alikwenda kumweleza, naye alitikisa kichwa, akasema kwamba programu ile aliinunua kwa flashi sokoni na ameiweka katika mashine nyingi. Pengine naye hakujua kilichokuwamo. Tunawaza nyumba nyingine ngapi zinamtafuta mwizi kati ya watoto wao.

Ikiwa uchafu unarudi

Mashine ya mwalimu ilionekana safi, lakini sisi tulimshauri kazi moja zaidi, naye alikubali: kufuta yote na kuweka Windows upya. Mpelelezi aliyekaa miezi mingi anaweza kuacha mtoto wake katika kona usiyoijua. Kwa kazi hiyo tulitumia kompyuta nyingine iliyo safi, tukachukua Windows kutoka kwa Microsoft wenyewe, tukaiweka katika flashi tupu ya gigabaiti 8. Kisha tukarudisha maandishi yaliyookolewa, baada ya kuyapekua tena. Kazi ya binti ilirudi kurasa zote.

Jambo hili tunalipendekeza hasa pale maneno ya siri na pesa vinapohusika. Kama shida ni matangazo tu, kusafisha kwaweza kutosha. Lakini kama mtu amekwisha kuingia katika barua zako, usiitegemee bahati.

Kufunga milango

Kusafisha bila kufunga mlango ni kazi ya kufagia ua siku ya upepo. Basi tuseme kwa kifupi milango iliyo mikubwa katika nyumba zetu.

Mlango wa kwanza ni programu zilizovunjwa kufuli. Twajua kwa nini watu wanazitumia: programu halali zina bei, na mshahara ni mdogo. Lakini hakuna haja ya kuiba wala ya kuibiwa. Kwa kuandika barua na kuweka hesabu ipo LibreOffice, inayotolewa bure kwa haki kabisa. Kwa mashine nzima upo mfumo wa Linux, ambao nao ni bure. Huu unafaa pia kwa kompyuta za zamani, maana Microsoft walikoma kuitunza Windows 10 kwa desturi tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za zamani haziwezi kubeba Windows 11. Mashine isiyopata matengenezo mapya ni nyumba ambayo ufa wake unajulikana na kila mpita njia.

Habari hii si ndogo. Mwezi wa tatu mwaka 2017 Microsoft walitoa dawa ya kuziba ufa mmoja wa Windows. Tarehe 12 Mei mwaka uleule kirusi WannaCry kilipitia ufa huohuo, kikafunga mashine kwa maelfu katika nchi nyingi na kudai fidia. Hata hospitali za Uingereza ziliahirisha kazi zao. Dawa ilikuwapo kwa muda wa miezi miwili. Wasioinywa ndio walioumia.

Mlango wa pili ni flashi. Kwetu intaneti ni ghali, kwa hiyo flashi hutembea sana: kwenda kuchapisha, kwenda chuoni, kwenda kwa rafiki kuchukua filamu. Flashi iliyotoka nje ipekuliwe kabla ya kufunguliwa. Na ya kupelekea kazi za kuchapisha iwe moja tu, isiyo na kitu kingine cha thamani.

Mlango wa tatu ni hofu. Kuna kurasa zinazotokea ghafula na kupiga kelele kwamba mashine yako ina virusi 300, na kwamba ulipe sasa hivi usafishiwe. Ni uongo. Mwaka 2008 tume ya biashara ya serikali ya Marekani, Federal Trade Commission, ilishtaki watu waliouza dawa za uongo za namna hiyo. Watu zaidi ya milioni moja walikuwa wamezinunua. Mlinzi wa kweli hakutishi, wala hakuombi namba ya kadi yako katikati ya usiku.

Mlango wa nne ni kutumia jina moja nyumba nzima. Kila mtu apewe nafasi yake katika mashine, na nafasi za kila siku zisiwe na mamlaka ya kuingiza programu. Mamlaka hayo abaki nayo mmoja. Hivyo mtoto akibonyeza kitu kibaya, madhara hayafiki mbali. Na zaidi, kila mtu akiwa na nafasi yake na neno lake la siri, hakuna atakayeshukiwa kwa kazi ya mwingine.

Mlango wa tano hauko katika kompyuta. Ni huruma yetu wenyewe. Ukipokea barua ya ndugu anayeomba pesa upesi, mpigie simu usikie sauti yake kabla ya kutuma. Akiwa mgonjwa kweli, sauti yako itamfariji. Asipokuwa mgonjwa, umemwokoa na aibu, nawe umeokoa pesa zako.

Tena tujue kwamba nchi yetu haiko tena kama Ufilipino ya mwaka 2000. Kongo imekuwa na Sheria ya mambo ya kidijitali tangu tarehe 13 Machi 2023, nayo inamwadhibu anayeingia katika kompyuta ya mtu bila ruhusa. Kwa hiyo aliyeibiwa atunze ushahidi: barua za uongo, tarehe, orodha ya walioingia. Asifute kwa hasira.

Neno la mwisho

Wasomaji, methali ya shemeji yule ni ya kweli, wala hatuipingi. Kikulacho ki nguoni mwako. Lakini nguo ina mikunjo mingi, na mtoto wa nyumbani ni mkunjo mmoja tu. Mashine ikiharibika, fundi ataitengeneza, au tutanunua nyingine. Jina la kijana likichafuliwa mbele ya jamaa, hakuna programu ya kulisafisha. Mwalimu yule alifanya vema kusema: kabla sijafukuza, nataka nijue.

Basi, mwenye kompyuta nyumbani asingoje mashine iugue. Jioni moja ya juma hili akae na watu wake. Watazame pamoja orodha ya programu na tarehe zake. Wamwulize mlinzi kama kuna chumba alichokatazwa. Wafungue barua pepe wahakikishe kwamba hazipelekwi kwa mtu wasiyemjua. Wanakili maandishi yao ya thamani katika diski ya nje, kisha waichomoe na kuiweka kabatini. Na vijana wa nyumba wawemo katika kazi hiyo, maana mara nyingi wao ndio wanaoijua vizuri zaidi.